Wasia si Kuita Mauti: Tuandike kwa Ajili ya Pande Mbili za Mto

Somo la semina ya familia, lililotolewa Nyakiyumbu siku ya pili ya maadhimisho. Tumeliacha karibu kama lilivyosemwa.

Wale wa ng'ambo, wa Kasindi, Beni na Butembo, karibuni sana. Na ninyi wa Bwera, Kisinga, Kasese mjini na hapa nyumbani Nyakiyumbu, mmeamkaje?

Nimepewa dakika arobaini, na anayeshika saa ni huyu mama hapa mbele, ambaye mnamjua hana huruma. (Kicheko.) Basi niingie moja kwa moja.

Kamati iliponipa somo hili la wasia, hati ya uwakilishi na maagizo ya hospitali, ndugu mmoja aliniuliza, "Sisi tumekuja kusherehekea, wewe unatuletea matanga?" Nikamwambia, hapana, leo ndiyo siku yenyewe. Watu wa pande zote mbili wako pamoja, wameshiba, hakuna maiti ndani ya nyumba na hakuna aliyekasirika bado. Haya mambo sisi tumezoea kuyaanza siku ya mazishi. Watu wamelia, hawajalala, mjane amekaa chini na kitambaa kichwani, na shemeji zake wameshashika funguo. Siku hiyo hakuna anayesikiliza sheria wala Neno.

Najua neno lililo mioyoni. "Nikiandika wasia najitabiria kifo. Nakataa kwa jina la Yesu!" Sawa, kataa kifo. Mimi pia nakikataa. Lakini fungua Isaya 38. Hezekia aliumwa, nabii akamwambia apange mambo ya nyumba yake kwa maana atakufa. Mfalme akageukia ukutani, akalia, akaomba, na Mungu akamwongezea miaka 15. Hakuna mahali imeandikwa kwamba kupanga nyumba kungemuua. Na kuna jambo watu hawalihesabu: Manase, mwana aliyemrithi, alianza kutawala akiwa na miaka 12. Fanyeni hesabu hapo mlipo. Alizaliwa ndani ya ile miaka ya nyongeza! Kwa hiyo wewe uliyeandika wasia wako zamani, ukapona, ukaongezewa miaka, ukazaa tena, rudi ukautazame. Huyo mtoto wa mwisho hayumo.

Ibrahimu alipomzika Sara hakuchukua pango la bure kwa maneno matamu. Mwanzo 23: alipima shekeli 400 za fedha mbele ya watu wa mji langoni, na shamba likatajwa pamoja na miti iliyokuwa mipakani mwake. Miti ya mipakani, wapendwa! Wangapi hapa shamba lao lina karatasi inayotaja mpaka? Bwana wetu mwenyewe, msalabani, katika maumivu yale, alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi mbele ya watu waliosimama pale. Na yule mjane wa 2 Wafalme 4, mumewe alikuwa nani? Mmoja wa wana wa manabii. Mcha Mungu. Alikufa akaacha deni, na mwenye kudai akaja kuwachukua watoto wawili wawe watumwa. Wachungaji, hiyo habari ni yetu sisi. Upako haukulipa deni la marehemu. Ilibidi mafuta yauzwe. (Amina.)

Sasa kwa nini nasema somo hili linatuhusu sisi wa hapa kuliko mtu wa Kampala? Kwa sababu ya huu mto. Lhubiriha ni mto mdogo, siku nyingine unauvuka kwa miguu, lakini serikali mbili zimeukalia. Wewe unalala Nyakiyumbu, kahawa yako iko mlimani, una parseli Kasindi, kakao iko njia ya Beni, na deni lako kubwa liko kwa rafiki Butembo. Kwako wewe ni maisha mamoja. Ukifa ni mirathi miwili, kila mmoja na sheria yake.

Mnakumbuka mwaka 2020. Mwezi wa tatu mpaka ulifungwa kwa ajili ya korona. Malori ya mizigo yalipita, binadamu tukabaki tunatazamana. Mtu alikuwa na kaka yake ng'ambo, na huyo kaka ndiye pekee aliyejua shamba liliishia wapi na nani alikopeshwa nini. Simu iliita, lakini mahakama haiendi na simu. Mwezi wa tano mito ikaja. Nyamwamba ikavunja hospitali ya Kilembe, Nyamugasani na Lhubiriha nazo zikatoka kwenye njia zake. Karatasi ngapi za shamba zilikuwa chini ya godoro? Zilikwenda na godoro. Mwaka mmoja tu, lango limefungwa na maji yamechukua. Mtu aliyekufa miezi ile na mambo yake yote yako kichwani, kichwa hicho kilizikwa nayo.

Tuanze na wasia. Upande wa Uganda sheria ya mirathi ni ya zamani, ya mwaka 1906, ilitengenezwa na Waingereza. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ilivifuta vipande vyake vilivyombagua mwanamke, na mwaka 2022 Bunge likairekebisha. Nitawaambia kwa hesabu, maana hesabu hukaa kichwani.

Tuchukue mfano, na si mtu wa hapa, msianze kutazamana. Baba amekufa bila wasia. Madeni yamelipwa, mazishi yamelipwa, mali iliyobaki ni shilingi milioni 100. Sheria inasema: watoto milioni 75, mke milioni 20, wategemezi wengine kama mama mzee aliyekuwa akimlisha milioni 4, na mrithi wa kimila milioni 1. Moja! Yule anayevaa kanzu siku ya matanga na kuketi kwenye kiti, anayesema mali yote sasa ni yangu, sheria imempa moja katika mia. Na ile 75, kama watoto ni watano, kila mmoja ni 15. Wavulana 15, wasichana 15. Aliyezaliwa ndani ya ndoa na aliyezaliwa nje, wote ni watoto. Binti za Selofehadi walishinda kesi hii mbele ya Musa katika Hesabu 27, sisi bado tunabishana.

Nyumba ambayo familia ilikuwa inakaa haiingii katika mgawanyo huo. Mjane na watoto wanakaa humo, na kumfukuza ni kosa la jinai. Mtu akikuambia "rudi kwenu", mwambie taratibu twende kwa mwenyekiti wa LC1, na kutoka hapo polisi.

Lakini sikilizeni vizuri, hapa ndipo nataka kukaa kidogo. Ile milioni 20 ni ya nani? Sheria inasema mke au mume, na inamaanisha waliooana kwa ndoa inayotambuliwa na sheria ya Uganda au ya nchi nyingine. Mmekaa miaka 18, mmezaa watoto saba, mnaimba pamoja kwaya, watu wanakuita mama nani. Hamjafunga ndoa yoyote. Siku atakapokufa wewe si mjane mbele ya sheria. Watoto watapata yao. Wewe utakaa kwa huruma ya watoto wako, na kama si wa tumbo lako, basi kwa huruma ya Mungu. Katika ushirika wetu hawa ni wengi. Tunawajua, tunawakataza Meza ya Bwana, halafu tunawaacha hapo hapo mwaka baada ya mwaka. Mimi nasema kuwakataza meza bila kuwasaidia kufunga ndoa ni kazi nusu. Ndoa haihitaji keki. Kama mahari ilitolewa na wazee wakakubaliana, ndoa ya kimila inaandikishwa sub-county. Kama mnataka ya kanisani, hakikisheni kanisa lenyewe lina leseni ya kufungisha na mnapewa cheti, si picha tu. Upande wa Congo, ndoa iandikishwe kwa afisa wa serikali. Dada yangu wa Kasindi, ule wimbo wa kuingia kanisani ni mzuri, lakini afisa hakuusikia.

Na kama mwenzako bado anasitasita? Basi angalau aandike wasia, kwa maana kwa wasia mtu anaweza kumpa amtakaye, mradi hakuwaacha mke, watoto na wategemezi wake mikono mitupu. Akiwaacha hivyo, mahakama inaweza kuingilia.

Wasia wenyewe si kitu cha ajabu. Kwa Uganda uwe umeandikwa, wewe uwe na akili zako timamu, utie sahihi au dole gumba, na mashahidi wawili au zaidi wakuone unapotia, nao watie sahihi mbele yako. Shahidi asiwe mtu unayempa kitu ndani yake, wala mke au mume wa mtu huyo. Wino, si penseli. Sahihi kila ukurasa, ili mtu asichomoe ukurasa wa katikati. Tarehe. Taja msimamizi wa wasia, mtu atakayekusanya mali, kulipa madeni na kugawa. Lugha ni yako, Lhukonzo, Kiswahili, yoyote, itatafsiriwa mahakamani. Yale maneno ya mwisho kitandani, "mzee alinishika mkono akaniambia ng'ombe ni zako", kwa raia wa kawaida upande huu huo si wasia. Sheria imewaachia jambo hilo askari walio vitani.

Ng'ambo, sheria ya familia ya Congo ni ya mwaka 1987, ikarekebishwa 2016. Kule bila wasia watoto wanachukua robo tatu, na robo inayobaki wanagawana mke au mume, wazazi wa marehemu na ndugu zake. Mnaona tofauti? Kule kaka wa marehemu ana fungu lake kisheria. Usije ukamtukana mwizi kabla hujajua uko upande gani wa mto. Na kule wanakubali wasia wa mkono: uandike wote kwa mkono wako mwenyewe, kuanzia neno la kwanza, utie tarehe na sahihi. Asiyejua kuandika aende kwa notere au afisa wa serikali wa kuandikisha.

Sasa hapa kuna hekima ndogo kwa mtu mwenye mali pande zote. Andika kwa mkono wako karatasi nzima, weka tarehe, tia sahihi mbele ya mashahidi wawili nao watie. Hiyo karatasi moja imetosheleza masharti ya kuandika ya pande zote mbili. Haimaanishi sheria moja itatawala kila kitu, hapana. Ardhi ya Nyakiyumbu itafuata sheria ya Uganda na parseli ya Kasindi itafuata ya Congo. Kule udongo ni wa serikali tangu sheria ya 1973, wewe unashikilia haki ya kuutumia na nyumba uliyojenga juu yake. Ukiwa na uwezo, andika wasia mbili, moja kila upande, na uhakikishe ya pili haisemi "nafuta zote za kwanza." Neno hilo moja la kuiga kutoka karatasi ya mtu mwingine linaweza kukufutia nyumba.

Jambo la majina. Hili hata mawakili wa mbali hawalielewi, sisi tunalijua. Ukiandika "shamba la kahawa nampa Baluku", Baluku gani? Kwetu mvulana wa kwanza wa mama ni Baluku. Mwenye nyumba mbili ana Baluku wawili, na mdogo wake ana wake, na jirani ana wake. Ukivuka daraja Baluku anakuwa Paluku, Bwambale anakuwa Kambale, Masereka ni Kasereka, Kule ni Kakule, Thembo ni Katembo. Kitambulisho cha huku kinasema hivi, kadi ya kupigia kura ya kule inasema vile. (Kicheko.) Nasikia mnacheka, na wengine mnashika mifuko. Sitaki kujua mna kadi ngapi! Ila mjue Congo haikubali uraia wa nchi mbili. Uganda nayo inasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi ya kimila, anaweza kukodi tu, isizidi miaka 99. Kwa hiyo baba akimwachia kahawa ya mlimani mtoto aliyechagua kuwa Mkongomani, amemwachia kesi. Ongeeni na mwanasheria mapema.

Basi kwenye wasia mwandike mtoto kwa majina yote anayotumia, ya huku na ya kule, jina la ubatizo, jina la mama yake, mwaka aliozaliwa. Shamba nalo lipewe mipaka kama lile la Ibrahimu: juu ni nani, chini ni kijito gani, kulia ni mti gani wa mpaka, ulinunua kwa nani mwaka gani. Taja na madeni, unayodaiwa na unayodai. Taja kikundi cha kuweka akiba na nani anashika funguo za kisanduku. Na msidanganyike na lile jina mnaloandika benki au kwenye SACCO, jina la ndugu wa karibu. Hilo ni la kumpigia simu. Peke yake halimfanyi kuwa mrithi.

Wachungaji, nisameheni, nina neno na ninyi, kisha nitawaacha. Kiwanja cha kanisa kiko kwa jina la nani? Kama kiko kwa jina lako, ukifa ni mali ya marehemu. Watoto wako wana haki ya 75 katika mia juu ya madhabahu. (Kimya.) Mnaona mmenyamaza. Waamini walitoa kuku, walitoa siku za kubeba mawe, na mtoto wa mchungaji asiyeokoka atauza. Hatakuwa mwizi, karatasi inasema ni ya baba yake. Uganda kuna wadhamini walioandikishwa wanaoshika mali ya kanisa. Congo kuna sheria ya mashirika yasiyo ya faida ya mwaka 2001. Hamisheni viwanja wakati mnapumua. Na mchungaji anayemwandikia muumini mgonjwa wasia, halafu jina la mchungaji likatokea ndani yake, hapo mimi nasema wazee wa kanisa wasimame waulize. Hata kama ni kweli mgonjwa alipenda. Ita mtu mwingine aandike.

Hati ya uwakilishi, kule mnaiita prokurasyo, nitaipita haraka. Ni karatasi ya kumpa mtu mkono wako: akakusanye kodi ya nyumba Kasindi, akauze magunia, akasimame mahali pako kwenye ofisi ya ardhi. Ni nzuri kwa wafanyabiashara wetu wa Mpondwe. Iandike kwa kazi moja inayotajwa, kwa muda unaotajwa. Usiandike "afanye chochote kwa mali zangu zote", hata kama ni ndugu wa tumbo moja. Ikihusu ardhi, iandikishwe. Ikivuka mpaka, muulize kwanza notere wa upande wa pili kama ataipokea.

Kitu ambacho watu wengi hawajui ni kwamba hati hiyo inakufa siku moja na aliyeitoa. Baba amefariki Jumatatu, mwenye hati akauza shamba Alhamisi akisema "ana baraka zangu na zake", hakuna alichouza. Mnunuzi atalia. Na mtu akipoteza akili kabisa, kwa kiharusi au uzee, hati ya kawaida nayo inasimama, familia inabidi iende mahakamani. Hati si wasia. Ni kwa ajili ya mtu aliye hai na anayejua anachokifanya.

Sasa karatasi ya tatu, na hii ndiyo ngumu kwetu watu wa maombi. Maagizo ya hospitali. Hii haina nguvu ya wasia. Wasia una sheria yake na mahakama inaushika. Hii ni sauti yako siku ambayo mdomo hausemi, na daktari mwema ataisikiliza, na familia yako itaacha kugombana kwenye korido ya Bwera au Kagando.

Andika nani anasema kwa niaba yako. Mmoja upande huu, mmoja upande ule, kwa kuwa tumeona lango linaweza kufungwa. Si lazima awe mkubwa wa ukoo. Awe mtu mwenye kichwa baridi, anayeweza kumsikiliza daktari bila kupiga kelele. Andika dawa unazomeza kila siku. Kama ni za presha, za sukari, za virusi, zitaje, na uandike waziwazi kwamba hakuna mtu, hata akiwa na mzigo wa maombi usiku kucha, atakayezisimamisha bila daktari. Sisi tunaamini uponyaji. Aliyepona atapimwa na vipimo vitasema amepona. Mungu haogopi maabara. (Amina, haleluya!)

Andika kama ungependa kuambiwa ugonjwa wako, au aambiwe mwingine. Kuna watu wameuguzwa miezi sita na nyumba nzima inajua isipokuwa wao. Na andika kuhusu fedha. Najua linauma. Daktari akisema kwa upole kwamba hakuna tena la kutibu, je, shamba liuzwe ili upelekwe Kampala, kisha nje? Mke hawezi kusema "tusiuze", ataitwa mchawi. Kaka hawezi, ataambiwa anataka urithi. Ni wewe tu unayeweza, na ni sasa. Mwingine ataandika uzeni vyote, sawa, ni haki yake. Mwingine ataandika kahawa isiguswe, ni ada za watoto.

Kuacha kutibu si kuacha kumhudumia mtu. Tangu mwaka 1993, Dk. Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda, nchi hii imejifunza kutuliza maumivu ya saratani kwa morfini ya kunywa, inayotengenezwa hapa hapa. Tangu 2004 sheria inawaruhusu hata wauguzi na maafisa tiba waliofunzwa maalum kuiandika. Ulizeni hospitalini. Kuna ndugu wanaoikataa, wanasema ni dawa ya kulevya. Mtu anayelia usiku kwa saratani ya kizazi hatafuti kulewa. Anatafuta kulala, na asubuhi aweze kusikia akisomewa Zaburi.

La mwisho katika karatasi hiyo ni mwili wako. Juni 2019 Ebola ilivuka hapa kwetu. Familia ilikuwa imetoka Congo ambako babu aliumwa na kufa. Mtoto wa miaka mitano akapelekwa Kagando, kisha kituo cha Bwera, akafariki, na bibi yake akamfuata. Ng'ambo ugonjwa ule ulichukua watu zaidi ya 2,200 kabla haujatangazwa kwisha Juni 2020. Mnajua jinsi watu walivyopigana na timu za mazishi, wakitaka kuosha maiti wao, wakitaka kumbusu. Upendo huo uliua wengine. Basi andika: "Nikifa kwa ugonjwa wa namna hiyo, waachieni wahudumu wanizike. Msinioshe. Imbeni mkiwa mbali." Maneno hayo yakiwa na sahihi ya baba mwenyewe, mchungaji akiyasoma mbele ya vijana wenye mawe mikononi, yana uzito kuliko ya polisi. Na taja utazikwa wapi, huku au ng'ambo, maana kuvusha maiti kuna karatasi zake na gharama zake, na wenye kulipa ni wale wale uliowaacha.

Mama saa ameanza kunitazama. Kuna swali limeletwa kwenye kikaratasi, halina jina: "Mume wangu hataki kabisa kusikia habari ya wasia. Nifanye nini?" Mama, usigombane naye. Andika wako. Una cherehani, una mbuzi, una fungu lako kwenye kikundi, labda una kipande cha shamba ulichonunua kwa fedha ya maharage. Ni vyako, na sheria inakuruhusu. Kiandike, ita mashahidi wawili, na karatasi umpe msimamizi wako mbele ya mume wako. Mara nyingi mwanaume akiona mke ameandika, atauliza wiki hiyo hiyo, "Mimi nimewekwa wapi humo?" Hapo mazungumzo yameanza.

Kesho saa nane mchana, chini ya hema la akina mama, kutakuwa na meza mbili, moja ya upande huu na moja ya ng'ambo, na wanasheria wa kujitolea wawili. Leteni vitambulisho vyote, nimesema vyote, makubaliano ya kununulia mashamba, vyeti vya ndoa kwa walio navyo, na majina ya watoto yaliyoandikwa nyumbani kwa utulivu pamoja na mama zao. Wasio na cheti cha ndoa waje pia, mama mchungaji atakaa pale na daftari. Na kalamu ya wino kila mtu alete yake, kwa sababu jana zile za kamati zilikwisha kwenye kuandikisha chakula.